Kunyamaza si Kufaulu: Makosa ya Programu za Nje katika Hati za Amri

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha anayetaka kujua neno fulani limetumika mara ngapi katika maandishi mengi hahesabu tena kwa kidole. Huandika hati ya amri, yaani faili fupi inayoita programu kadhaa za kompyuta kwa zamu: ya kwanza igeuze herufi, ya pili ipange maneno, ya tatu ihesabu. Hati yenyewe haifanyi kazi hizo; huzituma tu. Naye atumaye hana budi kuuliza kama aliyetumwa amefika. Makala haya yanaeleza jinsi jibu hilo linavyotolewa na jinsi linavyopotea.

2. Namba ya hatima

Katika mifumo ya jamii ya Unix, kila programu inapomaliza humwachia aliyeiita namba moja, ambayo hapa itaitwa namba ya hatima. Sifuri maana yake ni kufaulu. Namba 127 huonyesha kwamba amri haikuonekana; 126, kwamba imeonekana lakini haiwezi kutekelezwa.

Hata hivyo, si kila namba isiyo sifuri ni kosa. Programu ya grep, itafutayo maneno katika faili, hutoa 0 ikiliona neno, 1 isipoliona, na 2 ikishindwa kufanya kazi, kwa mfano faili isipofunguka. Kwa mwanaisimu tofauti hiyo ni kubwa: kukosekana kwa neno ni matokeo ya utafiti, kutofunguka kwa faili si matokeo. Hati inayochanganya 1 na 2 itasema neno halimo katika kitabu ambacho hakikusomwa.

3. Kosa linalopotea njiani

Hatari kubwa zaidi imo katika bomba, yaani mpango wa kuunganisha programu ili tokeo la moja liwe ingizo la nyingine. Mpango huo uliingia katika Unix mwaka 1973. Kwa kawaida namba ya hatima ya bomba zima ni ile ya programu ya mwisho peke yake.

Chukuliwe maandishi ya Kiswahili yanayodhaniwa kuwa na herufi za ASCII tu. Hupitishwa katika iconv ili herufi zigeuzwe, kisha katika sort na uniq ili maneno yahesabiwe. Katikati ya maandishi limo jina Élisabethville. Herufi yake ya kwanza haimo katika ASCII, basi iconv husimama hapo na kutoa namba ya kosa. Lakini sort na uniq hupokea nusu iliyokwisha kupita, huihesabu kwa uaminifu, na bomba hutoa sifuri. Jedwali hutoka likiwa safi, nalo ni la uongo. Onyo la iconv huonekana kwenye skrini tu, na kazi ikifanyika usiku hakuna wa kulisoma.

4. Njia za kujikinga

Kwanza, amri set -o pipefail hulifanya bomba lishindwe ikiwa programu yoyote ndani yake imeshindwa. Bash inayo amri hiyo, na kanuni ya POSIX iliikubali mwaka 2024.

Pili, namba ya hatima ichunguzwe papo hapo, kwa kuwa amri inayofuata huifuta.

Tatu, amri set -e, isimamishayo hati penye kosa, isitegemewe peke yake: haifanyi kazi juu ya amri iliyowekwa kuwa sharti la if.

Nne, matokeo yaandikwe kwanza katika faili ya muda, yapewe jina lake halisi baada ya kila hatua kufaulu.

Tano, onyo litaje faili na hatua iliyoshindwa, nalo lihifadhiwe.

5. Hitimisho

Hati inayosimama na kulalamika humchelewesha mtafiti kwa saa moja. Hati inayonyamaza humwachia hesabu ambayo wengine wataijengea hoja. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.