Sabuni na Ngozi ya Mtoto

Mama, umepata kumwona mtoto wako ametoka kuogeshwa, na ngozi imepauka kama iliyopakwa majivu? Usidhani ni baridi tu. Ngozi ya juu imejengwa kama ukuta wa matofali, na udongo unaoyashika ni mafuta. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, haijui kuchagua: huondoa uchafu, na mafuta hayo huyachukua pia. Hapo maji ya mwilini hupotea, ngozi hupasuka, na mtoto hujikuna usiku kucha. Sabuni isiyo kali nayo huyachukua, ila kidogo. Basi itumie penye uchafu tu, suuza vizuri, umpake mafuta mwili ungali na unyevu. Na mtoto aliyezaliwa leo? Mwache kwanza saa 24. Ule utando mweupe aliokuja nao ni kinga yake.