Tunda Jekundu Ndilo Mali

Wilaya ya Hanang ilipata sifa kwa ngano. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua huko mashamba makubwa, na mashine zikavuna maelfu ya ekari. Jirani zao wa Mbulu wanaopanda kahawa hawana mashine ya kuwapumzisha. Matunda ya mti mmoja hayaivi siku moja. Mume na mke hupita pale pale mara nyingi, wakichuma jekundu na kuliacha la kijani.

Kazi haiishi hapo. Tunda lapaswa kumenywa mapema, buni zioshwe, zianikwe juu ya vichanja. Karibu kilo 6 za matunda hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Waonjaji wakiipa alama 80 au zaidi katika 100, huhesabiwa kahawa ya daraja la pekee, yenye bei ya juu.

Bidii si ngeni Mbulu: tangu zamani Wairaqw wanasifika kwa kukinga miteremko na kurutubisha ardhi kwa samadi. Adui ni upweke. Mkulima mdogo akibanwa na shida, huuza matunda mlangoni, mabivu na mabichi kwa bei moja. Uangalifu wake wote umekwenda bure!

Wakulima wa Kilimanjaro walilitambua jambo hili walipounda chama chao mwaka 1925. Dawa ni ile ile, ndugu wakulima: mashine moja ya kumenyea, mzani mmoja, sauti moja sokoni. Jasho la nyumba moja liungane na la jirani, na kila mtu alipwe kwa ubora wa kazi yake.