Majina ya Pande za Dunia na Elimu ya Jiografia kwa Wahamiaji wa Mpanda

Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012 kwa kuigawa Rukwa, una wakazi wengi ambao asili yao ni Burundi. Wazee wao walikimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa ardhi katika Wilaya ya Mpanda ya wakati ule: kwanza Katumba, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania iliwakubalia uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo mawili na ya Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kati ya wazee hao walikuwamo waliokwisha kusoma kwao kabla ya kuhama, na watoto wao wakaingia shule za Tanzania. Basi nyumba moja ilikusanya elimu za namna mbili, na tofauti zao hudhihirika sana katika somo la jiografia.

Katika shule za Burundi mtoto alianza kwa Kirundi, kisha akavuka kwenda Kifaransa, nayo ndiyo lugha aliyojifunzia ramani. Tanzania iliamua mwaka 1967 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki katika shule za sekondari. Shule za Katumba na Mishamo zilifuata mafunzo ya Tanzania. Jambo hili si dogo, kwani wakimbizi waliofika Mkoa wa Kigoma tangu mwaka 2015 walifundishiwa watoto wao makambini kwa mtaala wa Burundi. Kwa hiyo mtoto wa Katumba aliyefika sekondari alikuwa amekutana na dunia ile ile kwa Kirundi cha nyumbani, kwa Kiswahili cha darasani na kwa Kiingereza cha vitabu vya juu. Na babaye alikuwa na Kifaransa juu ya hayo.

Tuseme kwamba mwanafunzi wa namna hii ameulizwa kaskazini ni wapi, naye akakosa. Ni rahisi kumhukumu kuwa hajui jiografia. Lakini asili ya maneno yenyewe yafaa itazamwe kwanza. Kaskazini ni mahali itokapo kaskazi, upepo uvumao pwani tangu Desemba hivi hata Machi. Kusini ni mahali itokapo kusi, ambayo hufuata kuanzia Aprili. Majina haya ni ya mabaharia. Mtu wa Lamu au Unguja akiyatamka, maana yake i wazi mbele yake, kwa sababu ndizo pepo zilizopeleka na kurudisha majahazi. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, nalo la pili lina shina moja na jina la sala ya machweo. Kwa mtoto wa Mishamo, aliye mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 800, maneno yote manne hayana mzizi wa kuyashika. Hayana budi kukaririwa.

Kirundi kimeupata mwelekeo wake penginepo. Mashariki ni ubuseruko, neno litokanalo na guseruka, yaani kutokea au kujitokeza. Magharibi ni uburengero, kutokana na kurenga, kitendo kinachosemwa juu ya jua linapozama. Kusini ni ubumanuko, neno lililo karibu na kumanuka, yaani kushuka. Na kaskazini ni uburaruko. Ni dhahiri kwamba mtu aliyelelewa kwa maneno haya anazijua pande za dunia. Asichokijua ni pepo za Bahari ya Hindi.

Alama za ramani nazo huongeza utata. Katika ramani ya Kifaransa herufi O ni magharibi. Katika ya Kiingereza mahali hapo huandikwa W. Kiswahili chenyewe hakiwezi kutumia herufi moja moja, kwani K ingekuwa ya kaskazini na ya kusini, na M ingekuwa ya mashariki na ya magharibi. Ndiyo maana ufupisho wake hauna budi kuchukua herufi zaidi ya moja, na mwalimu asiyelitanabahisha darasa lake huacha mtego usio wa lazima.

Tofauti nyingine iko katika ngazi za nchi. Mrundi hujitambulisha kwa mlima wake, umusozi, nao ni ngazi ya utawala hasa. Juu yake kuna zoni, komine, na intara. Mtanzania hutaja kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya na mkoa. Si rahisi kulinganisha ngazi hizi moja kwa moja, kwa kuwa kipimo cha nchi zenyewe si kimoja. Mkoa wa Katavi peke yake una eneo la kilomita za mraba 45,000 na zaidi, hali Burundi nzima ina 27,800 hivi. Aliyefundishwa kwamba intara ni sehemu kubwa ya nchi akisikia neno mkoa atawaza eneo dogo mno kuliko lilivyo.

Majira vilevile. Shule ya Burundi hufundisha misimu minne: mvua fupi, ukavu mfupi, mvua ndefu, na ukavu mrefu wa Juni hata Agosti uitwao ici. Kiswahili cha pwani kina masika na vuli, na kiangazi chake ni joto la kaskazi. Mpanda mvua ni moja, tangu Novemba hata Aprili, na watu huiita masika yote pamoja. Kiangazi ni ukavu wote unaofuata. Hivyo neno moja la kitabu lina maana tatu kwa wasomaji watatu.

Wala mhamiaji si peke yake katika taabu hii. Mtoto wa Kipimbwe, wa Kibende au wa Kikonongo, ambao ni wenyeji wa nchi hiyo, naye hakuiona kaskazi wala hakupata vuli. Tofauti ni kwamba mwenyeji akikosa, kosa lake huhesabiwa kuwa la mtoto; mgeni akikosa, huhesabiwa kuwa la asili yake.

Kutokana na hayo, mtihani wa jiografia unaouliza majina tu hupima msamiati kabla ya kupima maarifa. Mwalimu aanze na jua linapochomoza juu ya uwanja wa shule, na upande ambao mto wa kijiji huelekea, kisha ndipo atie jina la Kiswahili pamoja na habari ya upepo ulilolizaa. Kwa watungaji wa kamusi na vitabu vya shule, ipo kazi ya kueleza asili ya istilahi hizi na kuonyesha wazi zinapotofautiana pwani na bara. Kiswahili kilikwisha kuvuka kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Maelezo ya maneno yake bado yamesimama ufukoni mwa bahari.