Triathloni fupi: Miguu unayo, lakini maji utayaweza?

UMESIMAMA ufuoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchanga bado ni baridi, kofia ya mpira imekubana kichwa hadi nyusi zimepanda, na namba yako imeandikwa mkononi kwa wino mzito. Mbele kuna boya la rangi ya machungwa. Jana jioni, ukiwa na soda mkononi, lilionekana liko hapo tu. Leo limehamia mbali ajabu. Kando yako kuna jamaa anajinyoosha kama mtu anayejua anachofanya. Firimbi inalia.

Kama hujawahi kuwa hapo, ngoja nikuambie mambo yanavyokuwa, maana mimi nilifika nikiwa nimejichocha vibaya.

Nilijiandikisha kwa triathloni yangu ya kwanza, ile fupi inayoitwa sprinti, nikiwa na hoja moja tu kichwani: mimi ni Mkenya, mbio naziweza. Triathloni ni kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, moja baada ya nyingine bila mapumziko, na saa inaendelea kuhesabu hata unapofunga kamba za viatu. Katika sprinti unaogelea mita 750, unaendesha baiskeli kilomita 20, halafu unakimbia kilomita 5. Ile ya Olimpiki ni mara mbili yake. Kuna pia ndogo zaidi, kama mita 400 majini, kilomita 10 za baiskeli na mbio za kilomita mbili na nusu, na ukiipata hiyo, anza nayo. Mimi sikuanza nayo. Nilipiga hesabu zangu: kilomita tano nakimbia kila Jumamosi, baiskeli najua tangu utotoni, kuogelea... tutaona.

Hiyo "tutaona" ndiyo iliyonitoa kamasi.

Mchezo wenyewe si wa zamani. Mashindano ya kwanza kuitwa triathloni yalifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1974, na Olimpiki ikaupokea mwaka 2000 kule Sydney. Sisi Wakenya tuna vipande vyake vyote, ila viko kwa watu tofauti. Wakimbiaji sina haja ya kuwataja. Jason Dunford alifika fainali ya kuogelea mita 100 mtindo wa kipepeo katika Olimpiki ya Beijing 2008 akamaliza wa tano. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne akiendeshea Uingereza, alizaliwa Nairobi na kufunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu. Kuvikusanya vipande hivyo ndani ya mwili mmoja, tena mwili unaokaa ofisini siku tano kwa wiki, hiyo ni stori nyingine.

Turudi majini.

Wengi wetu tuliokulia Nairobi, kama tulijifunza kuogelea, tulijifunzia kwenye kidimbwi ambacho maji yanafika kifuani. Ukichoka, unasimama. Ukimeza maji, unashika ukuta, unakohoa, unacheka na wenzako. Mimi nilikuwa naweza kwenda mita 25, napumzika kidogo, narudi. Nikifanya hivyo mara 30 nahesabu kwamba nimeogelea mita 750. Hapana. Hizo zilikuwa mita 25 mara 30, na katikati kuna ukuta. Bahari haina ukuta.

Firimbi ilipolia tulikimbia sote kuingia majini. Mtu akanipiga teke begani, mwingine akapita juu ya miguu yangu. Si ubaya, ni msongamano tu, kama stejini saa kumi na moja jioni mvua ikinyesha. Nikapiga mikono kwa nguvu nisibaki nyuma. Nilipofika kama mita 150 nikaweka mguu chini nipumue, na mguu haukugusa kitu.

Hapo kifua kikajifunga. Nilikuwa navuta hewa lakini haiingii. Nikajaribu kuita, nikanywa chumvi. Moyo ulikuwa unadunda masikioni, na akili, ambayo hadi wakati huo ilikuwa rafiki yangu, ikaniambia waziwazi: utafia hapa, na mamako hajui hata umekuja Pwani.

Aliyenitoa pale ni kijana wa kayaki. Alikuja taratibu, akaniwekea ncha ya kayaki mbele yangu nishike. "Pole pole dadangu," akasema, "bahari haikimbii." Nikashika kwa mikono miwili. Yeye akaangalia upande mwingine, nadhani ili nisione haya.

Nilifikiri nimeondolewa mashindanoni. Kumbe hapana, na hili ndilo jambo ambalo ningetaka mtu aniambie mapema: kanuni zinaruhusu ushike kayaki au boya upumzike, mradi tu usivutwe mbele. Zinaruhusu pia uogelee mtindo wowote. Chura, sawa. Mgongo, sawa. Kuelea tu ukitazama mawingu hadi moyo utulie, sawa. Hakuna anayekupa alama za urembo. Ukihitaji msaada, inua mkono mmoja juu na uache maji yakubebe. Maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya kidimbwini, ukiyapa nafasi.

Baadaye kocha alinieleza kilichonipata. Mtu anapoogopa huvuta hewa haraka haraka bila kuitoa yote. Kifua kinajaa, hewa chafu inabaki ndani, na mwili unapiga kelele kwamba unakosa pumzi ilhali mapafu hayana hata nafasi ya kuingiza nyingine. Dawa yake haionekani kuwa na maana hadi uijaribu: toa hewa. Uso ukiwa ndani ya maji, puliza mapovu mfululizo hadi mapafu yaishe, ndipo ugeuze kichwa uvute. Sasa hivi mazoezi yangu ya kwanza kidimbwini ni hayo tu, kukaa chini nikipuliza mapovu kama mtoto. Inachekesha ukitazama, lakini inafanya kazi.

Usidhani natia chumvi ninaposema maji si mchezo. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulichunguza triathloni za nchini humo kuanzia 1985 hadi 2016, ukapata matukio 135 ya watu kufa au moyo kusimama ghafla. Matukio 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Washiriki kwa miaka hiyo yote walikuwa zaidi ya milioni tisa, kwa hivyo ni jambo la nadra, na wengi walioathiriwa walikuwa wanaume wa makamo. Lakini kama umewahi kuzirai au kubanwa na kifua ukifanya mazoezi, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana, pitia kwa daktari kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha. Na ukiwa unaogelea siku ya mashindano ukahisi maumivu ya kifua, hiyo si woga wa kukazana nao. Inua mkono utolewe.

Sasa, namna ya kujiandaa. Jipe wiki kumi hadi kumi na mbili kama tayari unakimbia kidogo. Majini nenda mara tatu kwa wiki, hata kama ni nusu saa kabla ya kazi, na ujifunze kwenda mita 400 bila kugusa ukuta kabla hujaanza kuwaza kasi. Lipa mkufunzi kwa vipindi vichache. Pesa hiyo itakufaa kuliko saa ya kisasa ya mkononi. Fanya pia mazoezi ya kuinua macho kidogo tu juu ya maji, kama mamba, kila baada ya mikono kadhaa ili uone boya liko wapi. Baharini hakuna mstari mweusi wa kufuata chini, na mimi niliogelea mita nyingi za bure nikielekea upande ambao hakukuwa na mtu.

Halafu fika baharini kabla ya siku yenyewe. Waulize wenyeji maji yanajaa na kukupwa saa ngapi, na kama kuna mkondo. Msimu wa kaskazi bahari yetu hutulia. Kusi ikivuma, mawimbi hukupiga usoni kila unapotaka kuvuta pumzi. Ingia na mtu, kamwe usiingie peke yako.

Baiskeli sina mengi. Yangu niliinunua ya mtumba, Sh14,000, ina gia saba na tano kati yake zinafanya kazi. Mbio nyingi za watu wa kawaida hazijali unaendesha nini mradi breki zishike, ingawa sikushauri uje na blakimamba labda uwe na mapaja ya chuma. Jifunze kuziba pancha, maana nilimwona jamaa wa baiskeli ya bei ya gari akiisukuma kwa miguu. Mazoezi ya Nairobi ndiyo noma. Dereva wa matatu hana habari kwamba unajiandaa kwa mashindano. Ndani ya Msitu wa Karura unaweza kuendesha kwa amani, na Jumapili alfajiri barabara huwa na nafasi, ila tembeeni kikundi.

Kuna kitu kinaitwa eneo la kubadilisha, pale baiskeli zote zimepangwa, na hapo nilifanya uzembe wangu mkubwa. Nilitoka majini nikiyumba, nikaikimbilia baiskeli, nikaitoa, ndipo nikakumbuka helmeti. Afisa akanisimamisha: rudisha. Sheria ni kwamba helmeti iwe kichwani na mkanda umefungwa kabla hujagusa baiskeli kuitoa, na ibaki hivyo hadi uirudishe. Huruhusiwi pia kupanda baiskeli kabla ya mstari uliochorwa, wala kuvaa spika za masikio. Na katika mbio nyingi za wasio wataalamu huwezi kujificha nyuma ya baiskeli ya mwenzako kukwepa upepo. Mpite au uachane naye.

Kilomita 20 zilikwisha. Nikaweka baiskeli, nikavaa raba, nikajiambia sasa tumefika nyumbani. Hapa ndipo Mkenya anaamka.

Miguu ikakataa.

Haikuwa inauma. Ilikuwa si yangu. Saa nzima karibu ilikuwa inazunguka tu ikiwa imebeba kitu kidogo, sasa imeambiwa ibebe mwili mzima kwenye lami saa mbili asubuhi na jua la Pwani limeshaanza kazi. Magoti yalikuwa laini kama ugali usioiva. Mzee mmoja, umri wa babangu kabisa, alinipita akinisalimia. Nikamjibu kwa adabu huku moyoni nikilia.

Hali hiyo hudumu kama kilomita moja, wakati mwingine zaidi, kisha inaachia. Ila mwili lazima uwe umeonjeshwa kabla. Mara moja kwa wiki, shuka kwenye baiskeli uanze kukimbia papo hapo, hata dakika kumi tu. Fupisha hatua, piga hatua nyingi ndogo, usitafute mwendo wako wa kawaida. Kunywa maji ukiwa kwenye baiskeli, si ukikimbia. Na asubuhi kula ulichozoea, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Mkate, ndizi na chai vinatosha. Siku ya mashindano si siku ya kujaribu chakula cha hoteli.

Kilomita 5 ambazo Jumamosi nazimaliza kwa dakika 27, siku hiyo zilinichukua 33. Kuogelea dakika 24, nikihesabu na ule muda nilioshikilia kayaki. Jumla ilikaribia saa mbili. Katika orodha nilikuwa karibu na mkia, lakini si mkia wenyewe.

Baada ya kuvishwa nishani nilirudi ufuoni kumtafuta yule kijana. Alikuwa anavuta kayaki mchangani na wenzake. Nikamwambia asante, akauliza kwa nini. Hakunikumbuka. Akasema asubuhi hiyo walimshika watu kama kumi hivi.

Jumanne iliyofuata nilikuwa kidimbwini saa kumi na mbili. Kocha akauliza tuanze na kazi ya miguu au mikono. Nikamwambia leo nipeleke upande wa maji marefu.