Mtoto wa Mbwa Anayeota Meno Asipewe Mfupa

Kati ya mwezi wa nne na wa saba hivi, mtoto wa mbwa hung'oka meno yake 28 ya utotoni na kuota 42 ya ukubwani. Fizi humwasha, naye hutafuna chochote anachokifikia: mguu wa kiti, mpira wa kumwagilia bustani, kandambili za mgeni mlangoni. Huo si utundu, na kumchapa hakumsaidii. Anachohitaji ni kitu cha kutafuna. Katika nyumba nyingi za Arusha, iwe Njiro, Sakina au Usa River, kitu hicho huwa mfupa uliobaki kwenye sinia la nyama choma. Nasema katika umri huu chochote kigumu kinachoweza kulivunja jino hakifai, na mfupa ndio wa kwanza kukataliwa.

Tuanze na jino lenyewe. Jino la utotoni lina ncha kali kama sindano, lakini kuta zake ni nyembamba. Jino la chonge likivunjika, sehemu ya ndani yenye damu na neva hubaki wazi, bakteria huingia, na usaha unaweza kulifikia jino la ukubwani linalosubiri chini yake. Hata hilo jipya, likitokeza tu, bado ni jembamba kwa ndani. Na huku kwenye miteremko ya Meru kuna la ziada. Maji ya maeneo kama Ngurdoto na Maji ya Chai yanajulikana kwa floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana watu wengi waliokulia huko wana meno ya kahawia. Floraidi ikizidi wakati jino linaumbika, gamba lake la nje hudhoofika, na mifugo nayo huathirika. Mbwa anayekunywa kutoka ndoo ileile, kwa nini tumdhanie kuwa na meno ya chuma?

Najua nitaambiwa kwamba mbwa wetu wamekula mifupa tangu zamani na hawajafa. Kweli, hawajafa. Lakini ni nani aliyemfungua mdomo mbwa wa getini akayakagua magego yake? Mbwa huficha maumivu. Hutafuna upande mmoja, na maisha yanaendelea. Wengine husema tatizo ni mfupa uliopikwa tu, mbichi hauna neno. Uliopikwa kweli huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo, ila mbichi nao hupasua gego, tena hubeba salmonela, na aghalabu bucha akikufungia mifupa ya mbwa huongeza pafu au ini lililokataliwa. Hapo hatari inamhusu mwenye mbwa pia. Kumbukumbu za machinjio ya Arusha za 2005 hadi 2007 zilionyesha ng'ombe, mbuzi na kondoo wenye vifuko vya maji vya tegu wa mbwa. Mbwa akila kifuko hicho kibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto anayecheza naye bila kunawa anaweza kuja kuota uvimbe kwenye ini au mapafu.

Kipimo cha kitu salama hakina gharama: kibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba, kisipoingia alama hata kidogo, kiache. Karoti nzima, nene, iliyolala kwenye friji inafaulu, na karoti za miteremko hii hazikosi sokoni. Taulo kuukuu lililoloweshwa, likafungwa fundo na kugandishwa, hutuliza fizi vizuri zaidi. Kufaulu kipimo cha ukucha hakutoshi, hata hivyo. Gunzi la mahindi hubonyea, lakini likimezwa huziba utumbo na kumpeleka mbwa kwenye upasuaji. Kipande cha katambuga ndicho kibaya kabisa, maana tairi lina nyaya za chuma. Kitu chenyewe kiwe kikubwa kiasi cha kutoingia chote mdomoni. Mpe kwa dakika kumi hivi ukiwa unamwangalia, na kikibaki kijipande au taulo likianza kutoa nyuzi, mnyang'anye.

Damu kidogo kwenye karoti isikutishe. Lakini akifika miezi saba na chonge la zamani bado limesimama kando ya jipya, mpeleke kwa daktari wa mifugo aling'oe; mara nyingi halitoki lenyewe, na jipya litaota upande.