Ni Mtaa Gani Una Wezi Zaidi?

Shule yetu ni ya kutwa. Asubuhi tunaingia langoni tukitoka Mathare, Eastleigh, Pangani na Huruma, na jioni kila mtu hushika njia ya kwao. Basi saa ya chakula cha mchana ubishi hauishi: ni mtaa gani una wezi zaidi? Wa Pangani huwacheka wa Mathare, na wa Mathare hujibu kwamba Eastleigh ndiko mtu hukatwa mfuko mchana peupe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini katika jambo hili, lisemwalo yafaa lipimwe kwanza. Nia yangu ni kueleza jinsi linavyopimwa.

Kwanza kabisa, tutazame mitaa yenyewe ilivyokaa. Bonde la Mathare limebanwa katikati. Kaskazini kuna barabara ya Thika, na ng'ambo yake ni Muthaiga, mtaa wa mabalozi na matajiri. Kusini kuna barabara ya Juja, na ukiivuka tu uko Eastleigh kwenye maduka ya kila aina. Magharibi ni Pangani, mashariki ni Huruma. Katika sensa ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Mathare, pamoja na Huruma, ilihesabiwa watu 206,564 katika eneo la kilomita 3 hivi za mraba. Hiyo ni kama watu 69,000 katika kila kilomita moja ya mraba! Muthaiga nako, boma moja lenye bustani lingetosha ploti kadhaa za kwetu.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Watu huhesabu visa, wakasahau kuhesabu watu. Tuseme mtaa mmoja una watu 20,000 na wizi mara 40 kwa mwaka. Mtaa wa pili una watu 5,000 na wizi mara 30. Ukiulizwa haraka utasema wa kwanza ndio mbaya. Lakini hebu gawanya kama tunavyofunzwa katika hesabu. Wa kwanza una visa 2 kwa kila watu 1,000, na wa pili una visa 6. Anayeishi mtaa wa pili yumo hatarini mara tatu zaidi, ingawa habari za mtaa wa kwanza ndizo zinazovuma.

Pili, tujiulize ni nani anayepiga ripoti. Gari la tajiri likiibwa, lazima aende kituoni, kwa sababu watu wa bima hawatamlipa bila karatasi ya polisi. Je, mama muuza mboga akipigwa ngeta saa kumi na moja alfajiri akielekea sokoni? Akienda kituoni atapoteza mauzo ya siku nzima. Isitoshe, huenda aliyempora anaishi ploti ya pili na atajua ni nani aliyemtaja. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi mama hunyamaza, na kitabu cha matukio kinabaki cheupe. Ndiyo maana wataalamu hawatosheki na vitabu vya polisi. Huenda nyumba hadi nyumba wakiuliza watu yaliyowapata. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo jijini Nairobi mwaka 2002. Asilimia 37 ya walioulizwa walisema wameporwa katika muda wa mwaka mmoja tu.

Kuna uhalifu mwingine unaofichika zaidi. Mwaka 2010 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya wanawake wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, Mathare ikiwemo, wanaoogopa kubakwa wakienda vyooni usiku. Msichana anayevumilia hadi kupambazuka kwa sababu ya hofu hayumo katika hesabu ya polisi, lakini usalama wake umekwisha kuibwa.

Tatu, mahali wizi unapotokea si lazima pawe ndipo mwizi anapoishi, wala anapoishi aliyeibiwa. Eastleigh hupokea wanunuzi kutoka kila pembe ya nchi, hata nchi jirani. Mkora wa mfukoni hufuata umati, awe ametoka wapi. Ukigawanya visa vya huko kwa wakaaji peke yao, mtaa utaonekana mbaya kupita kiasi, maana walioibiwa wengi ni wageni waliokwisha kupanda matatu wakaenda zao. Fauka ya hayo, mpaka wa kituo cha polisi si mpaka wa mtaa. Kituo cha Pangani hupokea pia kesi za Mathare na Eastleigh. Kwa hivyo anayesema "Pangani kumeharibika" kwa kutazama hesabu ya kituo, hajui anasema juu ya nani.

Mtauliza, haya yote yatusaidia nini? Jamani, jina baya lina gharama. Kijana wa Mathare anayetafuta kazi huulizwa anakoishi, na akisema ukweli, huona uso wa anayemwuliza ukibadilika. Usiku akikutana na askari, anwani yake yaweza kuwa ndiyo kosa lake. Mwaka 2017 kituo cha kutetea haki cha Mathare Social Justice Centre kilichapisha ripoti kuhusu watu waliouawa na polisi, wengi wao vijana. Hali kadhalika, wakaaji wanaodhaniwa kuwa wezi ndio hao hao wanaoibiwa zaidi bila kusikizwa. Wanaitwa wakora mchana, na usiku hawana taa wala mlinzi. Muthaiga kuna ukuta, mbwa na askari wa kampuni langoni.

Hivyo basi, wenzangu, ubishi wa saa ya mchana tuuendeshe kwa akili. Mtu akisema mtaa fulani una wezi zaidi, mwulize: zaidi kwa watu wangapi? Wizi wa aina gani, wa nyumba, wa mfukoni au wa mabavu? Nani aliandikisha, na nani alinyamaza? Na wewe ukiporwa, au ukiona mwenzako ameporwa, mwambie mzazi au mwalimu, mwende kituoni pamoja na mpewe nambari ya OB. Kisa kisichoandikwa hakiwezi kuleta mlingoti wa taa ya mulika mwizi kwenye uchochoro wenu. Mwisho kabisa, tusimhukumu mwenzetu wa dawati moja kwa sababu ya steji anayoshukia. Mwizi ana jina lake mwenyewe, tusimpe la mtaa mzima.