Buti kuukuu la ngozi lina fedha, usilikaushe jikoni

KATIKA belo la viatu vya mtumba huwa kuna jozi moja au mbili ambazo hakuna anayezigombea. Ni mabuti marefu ya ngozi, yanayokaribia goti, yaliyoshonwa ughaibuni kwa ajili ya wapanda farasi. Yamekauka, yana ukungu, na zipu ya nyuma imekwama. Mchuuzi huyasukuma pembeni ya turubai na mwisho wa siku huyaachia kwa bei yoyote.

Puge hakuna farasi. Hata H. M. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, alifika Tabora bila hata mmoja. Wote walikufa mwanzoni mwa safari. Lakini barabara ya Nzega kwenda Tabora, inayopita Puge, ina pikipiki nyingi, na kijana wa bodaboda aliyewahi kuunguzwa mguu na bomba la moshi haulizi buti lilishonewa mpanda nini. Mchungaji anayepita kwenye miiba naye haulizi. Wateja wapo. Tatizo ni kwamba mara nyingi buti huwafikia likiwa limekwisha kuharibiwa na mtu aliyedhani analitengeneza.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waharibifu hao. Aliwahi kununua jozi nzuri, akaiosha kwa sabuni ya unga, kisha akaiweka karibu na jiko la mkaa ikauke upesi. Asubuhi ngozi ilikuwa imesinyaa na kukakamaa kama gome la mti. Alipoingiza mguu, ikapasuka kwenye kifundo. Hakuna fundi wa kuirudisha ngozi ya namna hiyo.

Sababu yake ni hii. Ngozi ya kiatu ni nyuzinyuzi zilizosukana, na mafuta yanayotiwa kiwandani ndiyo yanayoziwezesha kuteleza kiatu kinapokunjwa. Miaka ikipita mafuta hupungua na ngozi huwa ngumu. Hiyo inatibika. Moto juu ya ngozi mbichi kwa maji ni jambo jingine kabisa, kwani nyuzi zenyewe hujikunja na kushikamana.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, kunja ngozi taratibu pale kwenye kifundo. Ikionyesha mistari myembamba tu, nunua. Ikifunguka ufa unaoonyesha nyuzi za ndani, iache. Chungulia pia ukingo wa juu ulipokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi, ile ya bandia huonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki, na hiyo ikianza kubanduka hakuna dawa.

Kazi yenyewe haihitaji mashine. Toa vumbi kwa brashi, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu, si kuloweka. Penye ukungu au madoa meupe ya chumvi tumia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jaza magazeti makavu ndani ili shingo isimame, na uweke kivulini penye upepo kwa siku mbili. Ukiona unachelewa, subiri tu.

Yanafuata mafuta. Mafuta ya nyonyo yanafaa. Paka kidogo kwa kiganja, acha usiku kucha, rudia kesho yake. Wapo wanaotumia mafuta ya kupikia au samli kwa kuwa yako karibu. Hayo huvunda na kunata vumbi, na samli huwaita panya. Wala usizidishe hata mafuta mazuri, maana ngozi italegea na gundi ya soli haitashika. Ukingo wa chini uache mkavu mpaka soli ikamilike.

Hapo ndipo mtu wa Tabora anapomzidi fundi wa Dar es Salaam. Mkoa huu ni wa misitu ya miombo na asali yake inajulikana nchi nzima, lakini bado wapo warina asali wanaokamua na kutupa masega. Masega hayo ndiyo nta. Yachemshe kwenye maji, chuja kwa kitambaa, acha yapoe. Nta itaganda juu. Chukua kipimo kimoja cha nta kwa vitatu vya mafuta ya nyonyo na uyeyushe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiweke nta moja kwa moja motoni. Huyeyuka ikifika nyuzi joto 60 na kitu, na ikizidi sana hushika moto. Mchanganyiko ukipoa, paka juu ya buti na usugue kwa kitambaa. Maji ya mvua yatateleza. Dawa ya viatu ya dukani hutia rangi na kung'arisha, lakini ngozi iliyokauka ndani haitalainika kwa hiyo.

Nta hiyo hiyo paka kwenye uzi. Mshono uliofumuka ushone kwa sindano mbili, kila moja ikitokea upande wake, ukipita kwenye matundu ya zamani. Tundu jipya kando ya la zamani huichana ngozi kama karatasi ya stempu. Soli ya tairi ni imara, ila ishonwe pia, isitegemee misumari peke yake. Zipu ikishindikana, au shingo ikimbana mteja, kata shingo ifike katikati ya muundi. Kipande kinachobaki kinatoa mikanda ya kufungia.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, buti umenunua Sh10,000, zipu na uzi Sh4,000, soli Sh6,000, nta na mafuta Sh2,000. Jumla Sh22,000. Ukiuza Sh35,000 unabaki na Sh13,000. Ikiwa mikono yako ilifanya kazi saa sita, umelipwa zaidi kidogo ya Sh2,000 kwa saa. Si utajiri, na kwa jozi moja inachosha, kwa sababu siku nne au tano zinapita ukisubiri ngozi. Anayefaidi ni anayeshughulikia jozi tano au sita kwa pamoja wakati wa kiangazi, shamba likiwa limelala. Anayetaka kuifahamu ngozi kwa undani zaidi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha teknolojia ya ngozi katika kampasi yake ya Mwanza.

Ukimkabidhi mteja buti lake, mpe na kipande cha nta kilichofungwa kwenye karatasi, na umweleze habari ya jiko. Mvua za Novemba zikianza atalowa, na usiku huo huo atatafuta mahali pa kulikaushia.